Mabega ya Mama Siku ya Malkia

Mama yangu mpenzi,

Nakusomea barua hii nikiwa nimesimama wima, kama ulivyonifundisha kusoma mbele za watu, katika ukumbi wa kanisa letu hapa Toongabbie, Australia. Waliokuja wamevaa barakoa na wameketi kwa kuachana viti, lakini wamekuja: wauguzi wenzangu kutoka Kenya, na Warundi wa kwaya waliozoea kukusalimu katika simu yangu kila Jumapili. Wote wanakujua kwa jambo moja. Wewe ndiwe mama aliyepungiwa mkono na Malkia wa Uingereza. Mama Esperansi, aliyeketi safu ya mbele, hajachoka kunitania kwa hilo: "Mama yako alipungiwa mukono na Malkia, wangu alipungiwa fimbo na polisi. Sasa unajivunia nini, dada? Si tumefika wote hapa?"

Leo nakiri mbele yao kwamba hadithi hiyo niliionea wivu maisha yangu yote.

Nilikuwa na umri wa miaka mitano wakati familia ya Kiingereza uliyoitumikia Mombasa iliporudi kwao na kukuchukua, ili uendelee kumlea binti yao Rosalind, ambaye wewe ulimwita Roza. Mimi uliniacha kwetu milimani, Wundanyi, kwa nyanya, ukaahidi kuandika. Uliandika. Moja ya barua hizo ilikuja na picha: wewe umesimama mbele ya mlango mweusi wa nyumba yao, Roza amekaa mabegani mwako na kibendera mkononi, nawe umemshika miguu kwa mikono miwili. Ulieleza kwamba picha ilipigwa asubuhi mlipokuwa mkitoka kwenda kumtazama Malkia akipita barabarani, katika sherehe za miaka ishirini na mitano ya enzi yake, na kwamba aliwapungia mkono.

Nyanya aliitia picha ile kwenye fremu. Wageni walimsifu Malkia, kisha wakakusifu wewe. Mimi nilitazama mikono yako kwenye miguu ya Roza. Nilimwomba nyanya anipandishe mabegani, akasema mgongo wake haukubali. Basi nikakusubiri. Uliporudi nilikuwa na miaka minane, na ombi langu la kwanza, kabla hata hujaweka sanduku chini, lilikuwa hilo. Ulijaribu, Mama. Ulichuchumaa, ukainuka nusu, kisha ukanishusha huku unacheka na kutweta.

"Umekuwa mzito, mwanangu," ukasema.

Uliniletea koti jekundu lililokuwa limembana Roza. Kwa baridi ya Wundanyi lilinifaa sana, na shule nzima ilinitazama. Lakini ndani ya ukosi palikuwa na kitambaa kidogo kilichoshonwa jina lake. Nilikitoa kwa wembe, nyuzi moja moja. Ukaziona nyuzi sakafuni, ukazifagia.

Nimekuwa mtu mzima na wivu huo, nikasoma nao, nikavuka nao bahari. Siku nilipokula kiapo cha uraia hapa, picha ya Malkia ilikuwa ukutani juu ya vichwa vyetu. Nilikupigia simu nikuonyeshe ukumbi, nawe hukuniuliza habari za kiapo. Ulisema, "Huyo amezeeka sasa. Msalimie." Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilisema: hata siku yangu amenipokonya.

Kisha ukaja Machi wa mwaka huu, na mahojiano yale ambayo dunia nzima iliyatazama. Mke wa mjukuu wa Malkia, ambaye mama yake ni mweusi, alieleza kwamba ndani ya familia ile paliulizwa mtoto wake ambaye bado hajazaliwa angekuwa na ngozi ya rangi gani. Naungama, Mama, kwamba nilimwonea wivu hata yeye. Kazini kwangu mimi ndiye msimamizi wa wauguzi, na bado jamaa za wagonjwa hutazama nyuma ya bega langu wakimtafuta mkubwa wangu. Nami huwaelekeza kwa upole, nikarudi nyumbani nikanyamaza. Yeye alisema, na dunia ikasikiliza.

Kesho yake ulinipigia wewe. Ulikuwa umeiona habari hiyo kwenye televisheni ya jirani. Hukunisalimu.

"Mghoi, mimi sikumwona," ukasema.

Nikakuuliza nani.

"Malkia. Sikumwona hata ukucha."

Ukanisimulia kwa sauti ileile ya kusimulia mavuno. Mlipofika kando ya barabara, msimamizi wa foleni alikutazama, akamtazama mtoto, akaagiza mtoto apite mbele, nawe usimame kule nyuma pamoja na wenzako. Bibi mmoja wa Kizungu akampokea Roza kutoka mabegani mwako. Hukuwa na mwenzako yeyote nchini mle, lakini ulipofika nyuma uliwakuta: mama wa Kihindi na wanawe wawili, na muuguzi mweusi wa kutoka visiwa vya ng'ambo, bado amevaa sare ya zamu. Msimamizi hakuwa mkali, ulisisitiza. Alikuonyesha kwa kidole kama mtu anayekuelekeza choo kilipo. Hakuna aliyetukana mtu, na hakuna aliyeambiwa sababu. Barabara ilijipanga yenyewe, kama iliyokwisha kuzoea. Shangwe zilikuja, zikapita, na ulichokiona ni migongo ya makoti. Roza ndiye aliyerudi akikuambia kwamba mmepungiwa mkono, na wewe ukaliandika neno la mtoto kama lilivyo.

"Nilidhani nyuma ni kule barabarani tu," ukasema. "Kumbe hata ndani ya nyumba ya Malkia mwenyewe kuna nyuma."

Nilikuomba ruhusa niwaambie watu ukweli. Ukakataa. "Ngoja nife. Hawa watu nakaa nao benchi moja kanisani."

Hukuningojesha sana. Ulipofariki mwezi Agosti, mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa, na hapa mtaani hatukuruhusiwa kwenda mbali na nyumba zetu. Nilikuzika nikiwa jikoni, nimevaa nguo nyeusi mbele ya kompyuta. Roza naye alikuwa kwenye kioo, kutoka kwao, mama mwenye mvi. Alipewa nafasi ya kusema. Alisema ulikuwa mama yake wa pili. Alisema alikaa mabegani mwako na Malkia akawapungia nyote wawili. Kisha akaimba mstari mmoja wa wimbo wako wa kubembeleza, kwa Kitaita, na kanisa zima likalia. Ilipofika zamu yangu, mtandao ukakatika. Kaka yangu, aliyeongoza shughuli kule kwetu, alingoja kidogo, akaomba radhi, mazishi yakaendelea. Sauti ya mwisho ya mwana juu ya jeneza lako ilikuwa ya Roza.

Sina kinyongo naye kwa kukupenda. Nina wivu, na huo ni ugonjwa mwingine. Nilitaka leo nisimame hapa nimpokonye Malkia wake, nirudi nyumbani nimeshiba. Lakini katika simu ile kuna jambo lililobaki, na hilo sijamwambia mtu.

Nilikuuliza ulifanya nini kule nyuma, wakati watu wa mbele wanashangilia.

"Nilikukumbuka wewe," ukasema. "Mabega yalikuwa matupu. Nikasema, Mghoi angekuwa hapa ningempandisha juu, anieleze kinachoonekana."

Miaka arobaini na minne, Mama, nimeionea wivu picha iliyopigwa mlangoni. Saa yenyewe ilipofika, saa wanayoisimulia watu wote, Roza alikuwa mikononi mwa mwingine na kiti changu kilikuwa wazi.

Basi nimepanda. Kutoka hapa namwona Mama Esperansi akifuta miwani kwa pindo la kitenge. Namwona binti yangu Wakesho, ambaye hunijibu kwa Kiingereza nikimsemesha Kiswahili, ameacha simu yake leo na anasikiliza. Naona viti vya mbele na viti vya nyuma, na waliokaa nyuma wamekaa huko kwa sababu wamechelewa, si kwa sababu nyingine. Malkia simwoni. Hajapita huku.

Watakaotaka hadithi ya mkono na wabaki nayo. Roza naye abaki na asubuhi yake na wimbo. Mabega ya saa ile ni yangu, siyagawi na mtu.

Lala sasa, Mama. Umesimama nyuma ya watu muda wa kutosha.

Ni mimi, binti yako mzito,
Mghoi