Kila Nikimwambia Nampenda, Soko Zima Linacheka

Kalemie, tarehe 24 Oktoba 1979

Mpendwa Mama Henriette, ninakuandikia nikiwa nimeweka pini mdomoni na aibu usoni, naomba unisaidie upesi maana zimebaki siku ishirini na tano tu, na nakusihi kwa jina la mama yako mzazi usinitaje redioni.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na minne, sijaoa, nashona abakosti, yale makoti ya wakubwa yasiyo na tai, na nguo za watoto wa komunyo, na bati linalonifunika sokoni ndilo linalomfunika mwanamke mmoja anayeuza samaki wakavu, ndagala na mikebuka, nitamwita Bertille ingawa silo jina lake, kwetu ni Kirungu na kwao ni Kirungu vilevile, ila ukoo wangu ni wa Chui na ukoo wake ni wa Mbuzi, na wewe Mama unajua kwamba hao ni watani tangu mababu, mtani anaweza kukutukana mbele ya askofu na huna ruhusa ya kukasirika, anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, na siku ya msiba ni yeye anayechimba kaburi na kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke.

Tumekaa hivyo miaka sita. Asubuhi nikifika ananipokea, "Wee Chui, meno iko wapi, umeisahau mu bukari ya jana?" nami namjibu, "Mbuzi ya Kirungu, leo umetafuna kikwembe ya nani?" na watu wanasimama kusikiliza hata wasionunua kitu. Akija mgeni kuuliza kama sisi ni mume na mke, yeye husema, "Bwana yangu njo huyu, lakini cherehani imeninyanganya." Basi nikawa mume wa mchezo, nachukua samaki wake bila kuuliza, yeye anachukua vipande vyangu vya kitambaa, na sikuona tatizo lolote, nilikuwa na raha zangu.

Mwaka jana mama yangu akafariki. Bertille alikuja na watani wenzake, akajifunga kikwembe cha mama yangu, akatembea kama mama yangu, mkono mmoja kiunoni, akanigombeza mbele ya watu wote kwamba nimezaliwa mvivu na nashona suruali za miguu mitatu, nikacheka huku machozi yananitiririka, sijui hata sasa nilikuwa nacheka au nalia, lakini siku ya tatu watani walipoondoka yeye alibaki, akafagia kiwanja, akafua shuka za mama, hakutamka neno la utani hata moja, akasonga bukari, akaniwekea, akasema tu, "Kula, Casimir," nami nikala, na Mama Henriette, nilivyokuwa nakula nilitaka asiondoke tena maisha yangu yote. Ndipo shida ilipoanza.

Nilingoja miezi mitatu kwa heshima ya marehemu, kisha asubuhi moja nikamwambia pale sokoni, "Mi nakupenda, ya kweli kabisa." Akawageukia wanawake wa samaki, akapaza sauti, "Batu ya soko, musikie! Chui anapenda mbuzi! Tangu lini alimukataa?" Soko likalipuka, mama mmoja alicheka mpaka akakalia nyanya zake mwenyewe, na mimi nifanye nini, nikacheka nao. Mara ya pili nilivaa abakosti yangu nyeusi, nikaingiza shingo ndani ya kola, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nina neno zito, akanitazama kutoka viatu hadi kichwa akauliza ni nani amekufa. Mara ya tatu nikasema basi, nifuate njia ya wazee, nikanunua kuku jike mzuri mwenye madoa, nikampelekea mjomba wake Basile nyumbani, nikapiga goti, na yule mzee kabla sijafungua mdomo akanipokonya kuku akaita majirani, "Mukuje muone! Leo Chui analeta kuku yeye mwenyewe, hata hatukumufukuza!" Walimchinja palepale. Mimi nilipewa shingo.

Sasa sikia balaa. Amejitokeza bwana mmoja mjane, karani wa stesheni ya Kabalo, kwenye karatasi za serikali ana jina lingine kama sisi wote tangu majina ya Wazungu yakatazwe, lakini watu humwita Gérard, mtu mpole, hana kosa, si mtani wa mtu yeyote, na wajumbe wake watakaa kwa mjomba Jumapili ya tarehe kumi na nane Novemba baada ya Misa, kuanza mazungumzo ya ndoa. Na abakosti ya kuvaa siku hiyo, Mama, amenipa mimi niishone. Mkono wa kushoto nimeukata mara mbili na mara zote mbili umetoka mfupi, na nikiulizwa mbele ya Mungu kama ni bahati mbaya sitajua la kujibu.

Lakini kinachoniumiza kuliko yote ni kwamba Bertille amebadilika, tangu habari ya karani ianze haniiti Chui tena, asubuhi ananiambia, "Jambo, Papa fundi, umelala muzuri?" kama vile nimekuja kudai nguo, nikichukua samaki anaangalia pembeni, juzi nilimwita mbuzi mbele ya watu hakujibu, akainama kupanga samaki ambao walikuwa wamekwisha kupangwa, na alipoona kitambaa cha karani mezani kwangu akauliza, "Njo weye unaishona?" nikasema, "Njo miye," akasema, "Basi muzuri," akafunga meza yake saa tisa mchana, siku ya soko, wateja wamejaa. Naona ameshajihesabu mke wa mtu mkubwa na mimi ananidharau. Je, ninyamaze nimwachie karani, au niende Manono ambako nasikia mafundi wanatafutwa, au kuna dawa ya kufanya mtu akuamini ukisema kweli? Nisaidie, sili vizuri.

Ni mimi, mtu asiyependa kujulikana, cherehani ya pili mkono wa kushoto ukiingia soko kwa upande wa ziwa, Kalemie.

*

Jibu la Mama Henriette redioni, Alhamisi tarehe 8 Novemba

Fundi, kwanza pole kwa mama yako. Hilo naliweka mbele kwa sababu yote yatakayofuata ni ugomvi.

Umeniomba nisikutaje, na sikukutaja. Ni wewe uliyemficha mwanamke ukamtaja mjomba, ukajificha mwenyewe halafu ukaniandikia alivyokuambia "Kula, Casimir," ukamalizia kwa kunihesabia cherehani kutoka mlangoni. Mtu mwenye barua yako mkononi angekupata hata akiwa na macho mabovu. Tena barua ilitembea wiki mbili, kwa hiyo zile siku zako ishirini na tano leo ni kumi. Sikiliza vizuri, sitarudia.

Unalalamika kwamba soko linacheka. Ulitaka lilie? Miaka sita umewafundisha watu kwamba ukifungua mdomo mbele ya mama huyu ni mchezo, kisha asubuhi moja unasimama mahali palepale, saa ileile, unasema neno la maisha yako, na wanawake wa samaki wajue kwa alama gani kwamba leo ni kweli? Na ulipochekwa ukacheka nao! Hapo ulijichinja mwenyewe kabla ya kuku.

Na huyo kuku. Casimir, mtoto wa Kirungu mzima, nani alikuambia mtani hujipelekea posa mwenyewe? Kuku akitoka mkononi mwa mtani ni mboga, Papa Basile alifanya haki yake, na kama angekunyang'anya na viatu ungerudi nyumbani peku bila pa kushtaki. Posa hupelekwa na mtu mwingine. Umekaa mjini mpaka umesahau, au mama yako alikuwa ndiye anayekumbuka mambo hayo kwa niaba yako, na sasa hayupo. Kama ni hivyo, nakusamehe kidogo.

Utani haujawahi kukataza ndoa, ondoa hofu hiyo. Wanaokatazwa ni wa ukoo mmoja. Chui na Mbuzi wameoana kabla ya reli kufika Kalemie, na watoto wao hutukanwa pande zote mbili, wanakua na afya nzuri.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niiweke barua yako chini nikazunguka meza mara mbili kwa hasira. Unasema anakudharau kwa sababu ameacha kukutukana. Mwanamume wee! Mtani anayeolewa na mtu mkubwa huongeza matusi, anakuita Chui mbele ya mume mpya ili ajue wewe ni nani kwake, hiyo ndiyo raha yenyewe. Huyu amenyamaza. Kwa barua yako mwenyewe amenyamaza mara mbili tu: siku alipokupikia baada ya msiba, na sasa. Ile ya kwanza uliielewa mpaka tumboni. Hii ya pili unaitafutia Manono! Aliona unamshonea mwanamume mwingine nguo ya kumchumbia, akakuuliza kama ni wewe kweli, wewe ukajibu "Njo miye" kama mtu aliyeulizwa saa, na yeye akafunga meza siku ya soko. Ulifikiri ana mafua? Yeye ametoka kwenye mchezo, amesimama nje, na wewe bado umo ndani peke yako unamwita mbuzi.

Siapi kwamba atakukubali. Huenda amechoka kukungoja, huenda karani amemfurahisha, ni mtu mzima, ana haki ya kuchagua. Lakini hawezi kuchagua neno ambalo halijasemwa.

Basi fanya hivi. Abakosti ya Gérard, kata mkono mpya kwa kitambaa chako mwenyewe, ulingane na mwenzake hadi ukucha, uinyooshe kwa pasi, umpelekee Jumamosi hii baada ya salongo ya kusafisha mitaa, siku nane kabla ya kuihitaji. Mtu hakukukosea, na mwanamke hapatikani kwa kumfupishia mwenzako mkono. Kisha mtafute mzee asiye Chui wala Mbuzi, mtu ambaye Papa Basile hana ruhusa ya kumcheka, mpe kuku mwingine amshike yeye, na aende kusema kwa niaba yako kabla ya tarehe kumi na nane. Wewe utakaa nyuma yake, utafunga mdomo, na mjomba akianza kucheka mwache acheke peke yake mpaka amalize. Usimsaidie hata kwa tabasamu. Wakikataa, utalia kama watu wengine wanavyolia, na Manono haitahama, utaikuta.

Lakini kuku na mzee ni vya mjomba. Kuna la kwanza kabla ya hayo, na hapo nina kesi na wewe. Nimewahi kufika kwenye soko lenu, nilinunua mikebuka, najua kwamba saa hii redio zote ziko wazi na wauza chumvi wameacha kupima. Wewe pia ulijua ulipokuwa unaandika. Usinidanganye, fundi. Ulitaka neno hili litoke kwangu, limfikie yeye, na wewe ubaki umeinamia cherehani kama mtu asiye na habari. Nimekataa. Nimemwambia kila kitu kuhusu kuku, kuhusu mkono mfupi, kuhusu ujinga wako wote, lakini kumwambia kwamba unampenda ni kazi yako, siifanyi.

Ninyi wa chumvi na ninyi wa nyanya, nawaomba kama dada yenu, leo asicheke mtu. Na wewe mama wa samaki, nisamehe kwa kukuvua nguo hadharani, wa kulaumiwa amekaa hapo ubavuni pako.

Casimir, hizo pini zitoe mdomoni. Nyoosha mkono uzime redio, usingoje wimbo. Mwambie sasa hivi, akiwa bado anakutazama.