Taa Iliyopasuka Juu ya Unga

Songea,
14 Juni 1993

Dada Verediana,

Shikamoo. Natumaini hapo Mbesa hamjambo. Huku baridi imeanza, na mama kule Maposeni ameshavuna mahindi.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa wengine. Unajua mjomba Amedeus alinipa kazi ya kukagua usafi na ubora wa mikate kiwandani kwake. Jumatatu iliyopita alfajiri taa ilipasuka juu ya mashine ya kukandia, vioo vikaingia kwenye unga wa mikate ya shule ya bweni. Nikazima mashine.

"Okoteni vioo, mwendelee," mjomba akasema.

"Mjomba, vingine ni vidogo kama chumvi. Hatutaviona."

"Tangu biashara ziachiwe huru, mikate inaletwa hapa mpaka kutoka Njombe! Nikiwakosesha leo, shule itakwenda kwa mwingine. Washeni tanuri!"

Wenzangu wakaanza kukata madonge. Nikachukua dumu la mafuta ya taa tunayowashia kuni, nikalimimina lote juu ya ule unga.

Mjomba aliinua mkono anipige, kisha akaushusha. "Toka. Na nyumbani kwangu usirudi."

Sasa nalala kwa rafiki yangu Careen. Shule imeshahamia kwa mwokaji mwingine. Mama ameapa hatasema nami mpaka nimwombe kaka yake radhi. Sitaomba.

Mama akikuuliza, mwambie asubuhi ile watoto walikunywa chai kavu, wakaingia darasani wote wazima.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Skolastika