Moto Haungoji Aprili

Oginosawa,
28 Novemba 1966

Kwa Baba Mitsuyo,

Habari za huko Tokyo, na kifua chako kinaendeleaje? Sisi huku tunashukuru. Mitsuyo ana mafua, anakohoa na kucheka papo hapo. Theluji imeshafika magotini, na jana nilipanda paani kuishusha kabla haijatuelemea.

Nakuandikia kwa jambo moja. Tangu mlipoondoka kwenda vibaruani, kijiji kimebaki na wanawake, watoto na wazee. Kikosi cha zimamoto sasa ni Baba Mkubwa Gonroku na wazee watatu, na mmoja wao hata ngazi ya nyumbani kwake hapandi. Juzi mimi na jirani yetu Ishi tulikwenda kwa Baba Mkubwa kumwomba atufundishe kuwasha pampu. Hata chai haijamiminwa, akatukata kauli.

"Pampu si cherehani," akasema.

Ishi akamjibu, "Baba, cherehani yangu ina kelele kuliko hiyo pampu yenu."

Hakucheka. Alisema mwanamke akishika mpira wa maji, maji hugoma, na kwamba tangu enzi za babu yake hakuna sketi iliyoingia kwenye lile banda la pampu. Nikamwambia hatujavaa sketi, tumevaa suruali za kazi kama yeye. Akageukia ukutani. Ufunguo wa banda kaufunga kwenye mkanda wake, analala nao.

Wewe ndiye kiongozi wa kikosi. Mwandikie mstari mmoja tu: wafundishe. Wewe hatakukatalia.

Ni mimi mkeo,
Mama Mitsuyo


Tokyo,
15 Desemba 1966

Kwa Mama Mitsuyo,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia mko salama. Kifua si kibaya, ila vumbi la handaki halimwachi mtu. Tunachimba njia ya treni chini ya barabara, na tukitoka juu usiku hatujui kama mchana ulikuwepo. Mpake Mitsuyo mafuta ya kifua, yako kwenye kabati la juu.

Nusu ya kikosi cha Oginosawa tunalala chumba kimoja hapa bwenini. Kameji husema hili ndilo jengo salama kuliko yote Tokyo, maana likiwaka moto, wazimaji ishirini wako ndani tayari.

Kuhusu Baba Mkubwa, nielewe. Ni kaka wa marehemu baba yangu. Yeye ndiye aliyenivalisha koti la zimamoto kwa mikono yake. Nikimwandikia amri atasema Tokyo imenipanda kichwani. Mzee huyo hasukumwi, anasubiriwa. Nyie hakikisheni tangi la maji la zimamoto halizikwi na theluji, mengine tutayaongea nikirudi Aprili.

Msalimie Ishi, na mpelekee mama yake Kameji figili za chumvi. Kameji anaomba sana.

Mumeo,
Baba Mitsuyo


Oginosawa,
9 Januari 1967

Kwa Baba Mitsuyo,

Heri ya mwaka mpya, ingawa tumeupokea bila wewe. Mitsuyo alikaa mlangoni siku nzima akisubiri basi, mpaka nikamwambia barabara imefungwa. Haikuwa imefungwa. Afya zetu nzuri. Bibi Tome, mama yake Kameji, nimempelekea figili. Miguu yake sasa haimbebi kabisa. Mimi na Ishi tunapokezana kumpikia na kumwashia meko.

Tangi tunalifukua kila asubuhi. Theluji ikishuka, tunachimba. Ikishuka tena, tunachimba tena. Tumekata njia kutoka bandani hadi kwenye tangi, na kutoka tangi hadi nyumba za juu. Mgongo wangu unaweza kukuambia urefu wake.

Siku ya tatu ya mwaka wazee walifanya mazoezi ya kikosi. Baba Mkubwa alifunga kamba uwanjani, akatuamuru wanawake tusimame nyuma yake, mbali kama watazamaji wa maigizo. Aliinama juu ya pampu, akagusa hiki na kile, tukaona mgongo wake tu. Ikanguruma. Maji yakaruka. Wazee wakapongezana, wakaenda kunywa pombe yao. Nilimfuata nikamwambia, "Baba Mkubwa, siku moja tu, utuonyeshe mkono unashika wapi."

Akasema, "Mume wako akitaka, ataniambia mwenyewe. Hajaniambia."

Hajaniambia! Nilirudi nyumbani nikamenya viazi kwa hasira mpaka vikaisha.

Unasema Aprili. Moto haungoji Aprili, Baba Mitsuyo. Mwandikie.

Mama Mitsuyo


Tokyo,
22 Januari 1967

Kwa Mama Mitsuyo,

Natumai baridi haijawazidi. Mimi mzima.

Sijakataa. Nimemwandikia Baba Mkubwa salamu za mwaka mpya kwa heshima zote, nikamwambia wanawake wa kijiji wana moyo. Mwenye akili ataelewa. Zaidi ya hapo siwezi, ni mzee wangu.

Tena naomba mambo haya usiyaandike kwa ukali namna hiyo, barua husomwa huku mbele ya watu. Kameji kapata la kusema: "Mkeo anataka cheo chako, mpe na masharubu kabisa." Chumba kizima kilicheka. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Vumilia. Msimu wa kurudi hauko mbali.

Mumeo,
Baba Mitsuyo


Tokyo,
14 Februari 1967

Kwa Mama Mitsuyo,

Vipi hali yenu? Sijapata barua yako tangu ile ya mwaka mpya, nikadhani umeninunia, nami nikanyamaza.

Leo mchana msimamizi ameshuka handakini na telegramu ya Kameji. Mama amefariki, nyumba imeungua. Hayo tu. Kameji kaisoma, kaikunja, kaendelea kuchimba. Tulimnyang'anya sururu. Nimemsindikiza stesheni, wanasema treni za kaskazini zimekwama kwenye theluji.

Wewe uko salama? Mitsuyo je? Niandikie hata maneno mawili.

Baba Mitsuyo


Oginosawa,
25 Februari 1967

Kwa Baba Mitsuyo,

Sisi tu hai. Mitsuyo mzima. Haya yanaandikwa na Ishi, mimi natamka tu, kwa sababu mikono yangu yote miwili imefungwa bandeji. Usihofu, vidole viko kamili.

Ilikuwa karibu na saa sita mchana. Ishi alikuwa anarudi na kuni akaona moshi kwa Bibi Tome, si wa dohani, ni wa paa. Akaipiga kengele ya mnara mpaka nikatoka unga ungali mkononi. Baba Mkubwa hayupo. Amekwenda mjini kwa daktari wa meno, na ufunguo uko mkandani mwake. Tukamtuma mzee mmoja akimbie kwenye simu. Mji uko mbali, na gari lao la zimamoto haliwezi kupanda huku theluji ikiwa namna hii, unajua.

Ishi akachukua shoka. Mapigo manne, mlango ukaenda. Tuliivuta pampu kwa sleji ya theluji kwenye ile njia tuliyoikata, ikateleza vizuri. Tangi lilikuwa wazi. Maji yapo, mpira upo, pampu ipo, watu tupo wanawake kumi na zaidi. Tukavuta kamba ya kuwashia. Ikakohoa, ikazima. Tukavuta tena. Kila mmoja alivuta mpaka mabega yakaisha. Kuna aliyelia, kuna aliyeipiga teke. Wale wazee wawili waliobaki wakasema, "Sisi hatujawahi kuiwasha, anaiwasha Gonroku."

Basi tukaiacha. Wengine wakashika ndoo, wengine wakatupa theluji kwa makoleo, nyumba mbili za jirani zikapona. Mimi nilipanda rundo la theluji nikaingia kwa dirisha la juu, maana mlango wa mbele ulikuwa unawaka. Kama maji yangetoka, tungepita mlangoni mapema. Nilimkuta kando ya meko amejifunika mto usoni. Nikamfunga kwenye godoro lake nikamburuta. Hapo ndipo mikono ilipoungua.

Alipumua hadi jioni, kwetu, kichwa chake mapajani mwangu. Aliniuliza jambo moja tu, kama viatu vyake vimetoka. Nikamwambia vimetoka. Havikutoka.

Baba Mkubwa alishuka kwenye basi la jioni shavu limevimba. Alipita kwenye majivu, akapita mbele yetu tukiwa weusi kama makaa, akafika bandani. Unajua neno lake la kwanza? "Nani kavunja mlango?"

Ishi akamtupia shoka miguuni. "Mimi," akasema. "Niitie polisi."

Kameji alifika tumeshamzika mama yake. Alikaa nilipomlaza, akapitisha mkono juu ya mkeka.

Na Jumatatu Baba Mkubwa ametia mlango mpya, na kufuli jipya.

Sikuombi tena kitu. Nilitaka ujue tu.

Mama Mitsuyo

(Ishi naongeza langu: Seikichi, mkeo hajalala siku nyingi. Ukiandika upuuzi safari hii, sitamsomea.)


Tokyo,
4 Machi 1967

Kwa Mama Mitsuyo,

Mikono inaendeleaje? Usichote maji, usishushe theluji, waachie wengine.

Nimeisoma barua yako kwa sauti chumbani, yote, na maneno ya Ishi pia. Nilipofika pale pa viatu, hakuna aliyenyanyua bakuli lake. Mstari mmoja uliniomba, mara mbili, nami nikaona aibu mbele ya watu wasiokuwa hata na moto wa kuzima. Sina la kujitetea.

Nimemwandikia Baba Mkubwa. Safari hii sikumsalimia kwa mafumbo. Nimemwambia afungue banda na awafundishe, na tumetia sahihi sote wa chumba hiki. Akikataa, ishirini tunarudisha makoti yetu, kikosi akakiongoze na paka.

Wakati unasubiri, haya hapa. Kwanza fungua koki ya mafuta. Iko chini ya tangi la mafuta, upande wa kushoto, ndogo kama kidole gumba. Kisha vuta choki, kile kipini cha kupunguza hewa ya injini. Kisha kamba, kwa mvuto mmoja mrefu, usiikate katikati. Ikishika, rudisha choki polepole. Mkimaliza mwageni maji yote, yasigande ndani yakapasua chuma.

Ishi, asante.

Mumeo,
Baba Mitsuyo


Oginosawa,
27 Machi 1967

Kwa Baba Mitsuyo,

Naandika mwenyewe, uvumilie mwandiko. Ngozi mpya ni nyekundu kama ya mtoto mchanga. Mitsuyo mzima, anakuulizia.

Koki. Nilipofika kwenye neno hilo nilitoka nje nikasimama kwenye theluji. Kidole gumba, unasema. Wanawake kumi na zaidi tulivuta ile kamba mpaka viganja vikachubuka, na kitu chenyewe kilikuwa koki imefungwa. Sikumwambia Kameji. Wewe pia usimwambie, angalau mwaka huu.

Barua yenu ilifika. Baba Mkubwa aliisoma mkutanoni mbele ya watu, akavua miwani, akakaa. Tulidhani atairarua. Kesho yake asubuhi tulikuta banda liko wazi na pampu iko nje. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ametupa mgongo.

Basi ndivyo alivyotufundisha, mgongo kwetu. "Fungua mafuta! Umefungua? Choki! Nani huyo anavuta kama anakamua mbuzi?" Tukavuta. Ikanguruma mara ya kwanza. Ishi alikuwa kwenye mpira, na maji yalipofika yalimwangusha chali, akabaki amelala pale anacheka, mpira haujamtoka mikononi. Hapo mzee akageuka. Aliyaangalia yale maji kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mmesimama karibu mno. Rudini nyuma hatua tano." Akainuka akaja kutupanga.

Sasa tunafanya mazoezi kila Jumapili. Tukipita, hunisalimia kwa kichwa. Nami namsalimia kwa kichwa. Zaidi ya hapo bado sijaweza.

Na kwako bado nina kinyongo, nisiseme uongo. Rudi, tutaongea kwa midomo. Barua zina tabia ya kuchelewa.

Mkeo,
Mama Mitsuyo


Nyumbani,
16 Aprili 1967, adhuhuri

Baba Mitsuyo,

Karibu nyumbani. Pole na safari. Tulikuwa tukupokee kituoni, ila simu imetoka kijiji cha Nakazawa, ghala linawaka, na wanaume wao bado hawajarudi vibaruani. Tumekwenda na pampu kwa sleji, njia ya huko bado ina theluji.

Usitufuate. Kwenye kamba za sleji hakuna nafasi, na hujafanya mazoezi nasi. Mitsuyo yuko kwa Baba Mkubwa, kamchukue, usikubali akupe pombe.

Mchele uko kwenye pipa. Pika mwingi. Tutarudi tumelowa na tuna njaa, wote tutaingia hapa kwetu.

Mama Mitsuyo