Funguo za Bosi Ukweni

Shoga, nimeaibika! Nimejifungia chooni ukweni. Usinipigie, soma tu.

Unalikumbuka lile rundo la funguo la bosi wetu pale kwenye ushonaji? Likilia tu ngazini, simu chini ya kitambaa, wote tunasimama. Atakayekutwa amekaa anapewa vifungo vya kushona kwa mkono wiki nzima.

Sasa leo tuko sebuleni, baba mkwe anatuusia mambo ya ndoa, mimi na kikombe changu cha chai, simu mapajani. Shemeji akaingia anachezesha funguo za gari.

NIKASIMAMA. Chai yote kwenye zulia! Simu nikaisukumia chini ya mto, nikasema kwa sauti kubwa, "Nashona, bosi!"

"Nashona, bosi." Mbele ya baba mkwe, shoga!

Wifi yangu mwalimu ndiyo kwanza akaanza somo. Eti sauti ikifuatana na adhabu kila siku, mwishowe sauti peke yake inatosha. "Hata mbwa hufunzwa hivyohivyo, wifi."

Mbwa! Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kasema kweli. Miaka sita najiita mchapakazi, kumbe nilikuwa nafugwa.

Basi nimekaa hapa ukingoni mwa beseni la kuogea na naapa, haitatokea te—

Samahani. Wifi katikisa funguo nje ya mlango, makusudi, anacheka peke yake.

Nilipojitambua nilikuwa nimeshasimama, na simu iko ndani ya sidiria.