Inzi wa Mkono wa Kushoto

2 Februari

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Huko mnaendeleaje? Mimi mzima, goti tu ndilo linanung'unika nikiinuka, nami nalikaripia. Anayeandika hapa ni fundi cherehani wa mlango wa pili, yule mwembamba. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asinipambie maneno. Shule sikuiona hata dirisha lake, lakini nikisomewa barua najua lipi ni neno langu na lipi ni la fundi.

Una miezi miwili huko na barua zako zote zinasema kazi ni nzuri. Kazi gani? Wanaonunua kamba zangu wananiuliza, nawajibu unatengeneza inzi. Wanacheka mpaka wanakaa chini. Mmoja kaniuliza kama waliopo hawatoshi. Nieleze basi, mwanzo mpaka mwisho, kama unamweleza mtu mzito wa kuelewa. Inzi wa nini? Anatengenezwaje? Nani anamtaka?

Na unakula? Usinijibu kwamba unakula. Niambie umekula nini jana.

Bibi yako


15 Februari

Bibi, shikamoo.

Mimi sijambo. Jana nimekula mayai mawili na mkate. Goti lisugue, usiligombeze. Fundi nampa pole ya kukuandikia.

Bibi, hawa inzi ni chambo. Kuna watu wanaovua samaki kwa starehe. Wanasimama ndani ya mto, maji yakiwafika mapajani, wanarusha mshipi kwa ufito mrefu mwembamba, huku na huku, mpaka utue juu ya maji bila kishindo. Hawatumii minyoo. Wanatumia ndoana ndogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho, iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu anayeelea. Samaki anadanganyika, anadaka. Wengi wao wakishamtoa wanamwangalia, kisha wanamrudisha majini.

Tuko thelathini ukumbi mmoja, kila mtu na meza yake na taa yake. Ndoana unaibana kwenye jiliwa, kama lile la fundi vyuma ila dogo. Unaanza kwa kuzungusha uzi unaotoka kwenye kigurudumu kidogo, unafungia nywele chache ziwe mkia, unaweka manyoya ya sungura yawe tumbo, kisha unazungusha nyoya la shingo ya jogoo, nalo linasimama pande zote kama miguu. Mwisho unafunga kichwa kwa fundo na kupaka tone la vanishi. Nimekuwekea mmoja ndani ya kiberiti. Usimguse kwa ulimi, nakujua.

Mjukuu wako


1 Machi

Mjukuu wangu,

Mgeni wako amefika salama, na mimi ni mzima, na goti limesuguliwa. Nilijaza beseni maji nikamweka. Akaelea. Nikampuliza, akakimbia kama mdudu aliyechelewa. Fundi aliacha suruali ya mteja mguu mmoja haujashonwa, akaja kuchutama nami. Tulikaa hapo mpaka mwenye suruali akatukuta.

Niliwaza mbona iwe shingo ya jogoo. Nikaokota nyoya la kuku jike na nyoya la jogoo, nikayaweka majini pamoja. La jike likanywa maji likalala. La jogoo likabaki limesimama, kavu, lina kiburi kama mwenyewe. Basi hilo nimeshalijua, usinijibu. Ila hili la kumtoa samaki na kumrudisha bado linanishinda. Akirudi anawaambia nini wenzake?

Sasa nisikilize. Siku ya nne inzi wako alifunguka. Sikumvuta. Kichwa kililegea chenyewe majini, uzi ukateleza, nyoya likaachana na ndoana likaelea peke yake. Fundi anasema labda ni bahati mbaya. Mimi nimesokota kamba tangu fundi hajazaliwa, bahati haifungui fundo.

Nitumie inzi aliyefungwa na mtu wa meza ya jirani. Na uniambie kweli, mambo yakoje hapo?

Bibi yako


9 Aprili

Bibi, shikamoo.

Natumaini hujambo. Nisamehe kwa kimya. Nimeandika barua tatu nikazichana, zote zilikuwa za uongo.

Kila Ijumaa msimamizi wetu anachukua inzi kumi wa kila anayejifunza, anawatia kwenye chupa ya maji, anatikisa. Wa wenzangu wanatoka wazima. Wa kwangu wanatoka wanne, wakizidi sana watano. Waliobaki wanafumuka kama huyo wako. Kila nikikaza, uzi unakatika. Nikilegeza, unateleza.

Msimamizi si mtu mbaya. Alisimama nyuma yangu asubuhi nzima akinitazama, mwisho akasema kasoro ni huu mkono wa kushoto, hauna nguvu ya kubana. Nihamie mkono wa kulia, na mwisho wa Mei kama bado wanafumuka, niende nyumbani. Nimeanza na wa kulia. Bibi, ni kama kusuka nywele kwa kiwiko. Sasa wananitoka wawili.

Ninaipenda kazi hii kuliko nilivyokwambia. Nikiona mdudu dirishani siku hizi, nahesabu miguu yake na kuwaza nyoya gani. Sitaki kuondoka.

Humu kuna inzi wawili wa jirani yangu wa meza, tunamwita Mama Miwani, na wawili wangu wa mkono wa kushoto.

Mjukuu wako


20 Aprili

Mjukuu wangu,

Salamu utazikuta mwisho, nina haraka. Rudisha kazi kwenye mkono wako wa kushoto, leo. Mkono huo nimekuachia mimi. Mimi ni mashoto kama wewe, na kamba zangu zimefunga ng'ombe wa watu miaka arobaini, hajarudi hata mmoja kulalamika. Usiniambie hauna nguvu.

Nimewafumua inzi wote wanne kwa sindano, fundi akinishikia kile kioo chake cha kukuza. Uzi ni mmoja, rangi moja. Lakini uzi uliotoka kwa Mama Miwani ni wa duara, mgumu, ni kamba kabisa. Uliotoka kwako umelala bapa, nyuzi zake ndogo zimeachana kama katani ambayo haijasokotwa. Nikamwambia fundi, hapo hapo, huyu mtoto hafungi vibaya, anafumua uzi wenyewe huku anafunga.

Nilipokuwa msichana nilichukua kamba ya mtu mwingine iliyofika nusu, nikataka kuiendeleza kwa mkono wangu wa kushoto. Ikafunguka yote mpaka mwanzo. Nilichapwa kwanza, kuelewa kukaja baadaye. Uzi wenu ni kamba ndogo, umesokotwa upande mmoja. Mama Miwani akizungusha, kila mzunguko unaukaza. Wewe unazungushia upande wa pili, kila mzunguko unautoa msokoto wake. Ukifika kichwani umebaki na nyuzi tupu zisizoshikana. Zitabana nini?

Fanya hivi. Kila ukizungusha mara tano, acha kigurudumu cha uzi kining'inie, kisha kisokote kwa vidole kama pia ya watoto, mpaka uzi urudi mwembamba wa duara. Upande gani, jaribu mwenyewe, macho yatakwambia. Halafu endelea.

Sijambo. Kula.

Bibi yako


1 Juni

Bibi, shikamoo, na shikamoo tena.

Mimi mzima kuliko siku zote. Ijumaa ya kwanza walitoka saba. Ya pili, tisa. Ijumaa iliyopita msimamizi alitikisa chupa mpaka mkono ukamchoka, wakatoka kumi. Akaongeza maji akatikisa tena. Kumi.

Aliniuliza nimefanya nini, nikamwambia nina Bibi anayesokota kamba. Akavuta kiti, akawafumua inzi wangu wa zamani na wa sasa, akaangalia uzi kama ulivyoangalia wewe. Kisha akasema miaka miwili iliyopita palikuwa na mwanamke hapa, mashoto, mwepesi kuliko wote, naye vichwa vya inzi wake vilifumuka. "Nilimwambia ana vidole vivivu," akasema. "Mbele ya ukumbi mzima." Alimwondoa.

Mimi nimepewa meza ya kudumu, Bibi. Ninabaki.

Mjukuu wako


12 Juni

Mjukuu wangu,

Hapa sote wazima. Fundi amelia, amelowesha barua yako, mimi sikulia, ilikuwa vumbi la katani. Kila anayenunua kamba sasa anasimuliwa habari za chupa atake asitake.

Lakini barua umeikata katikati. Huyo mwanamke yuko wapi? Nani amekwenda kumwambia? Ninyi wawili mnakijua kilichompata, na yeye tangu siku ile anaamka na vidole vivivu. Haiwezekani ulale na hilo ukasema mambo mazuri.

Mtafute. Usimwandikie, nenda na jiliwa na uzi mkononi. Na msimamizi aende pia, kwa miguu yake, aseme kwa mdomo uleule.

Bibi yako


28 Juni

Bibi, shikamoo.

Wazima huku. Tumempata.

Tulimkuta kwenye duka la dobi, anapiga pasi mashati. Pasi ameishika mkono wa kulia, polepole, kwa uangalifu mwingi, kama mtu aliyebeba kitu cha kuazima. Alipomwona msimamizi akajifuta mikono akasimama wima.

Msimamizi alisema yote mwenyewe, hakujitetea. Sidhani kama yule dada alisikia hata nusu. Alikuwa anaangalia uzi. Nikafunga jiliwa pembeni mwa meza ya pasi, nikaweka ndoana. Akauchukua uzi kwa mkono wa kushoto. Mkono ulikuwa haujasahau chochote, Bibi, sikuwahi kuona wepesi kama ule. Nikamwambia azungushe mara tano, kisha aache kigurudumu kining'inie, akisokote. Akasokota. Akainama mpaka pua ikakaribia ndoana, akautazama uzi unavyojikaza.

"Kwa hiyo kosa halikuwa la vidole vyangu," alisema.

"Halikuwa," msimamizi akajibu.

Alimwomba arudi kazini. Dada akasema atafikiri. Kisha akaipeleka pasi mwisho wa meza, akatuambia tumwachie ndoana nyingine.

Mjukuu wako