Chapati Bila Unga na Bibi Anayekuja Jumamosi

Mama Balbina, shikamoo. Nakuomba unisaidie haraka maana Jumamosi mama mkwe wangu anakuja kumchukua mwanangu, na kilichofanya aje kumchukua ni chapati, na chapati zenyewe ni nzuri, ndiyo maana naandika huku nalia na huku nina hasira na sijui nianzie wapi.

Mimi ni Mndamba wa hapa hapa Ifakara, nakaa Lumemo, nimeolewa na Msukuma anaitwa Makoye, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga na kusaga mahindi, mwanaume mzuri tu, hanywi, hapigi, ila akikaa mbele ya mama yake anakuwa mtoto wa darasa la pili. Tuna binti mmoja, Limbu, ana miaka miwili na kitu, amepewa jina la bibi yake mzaa baba, yaani huyo huyo mama mkwe, na jina hilo ulikumbuke maana ndilo linaloniponza.

Sasa huyu Limbu wangu alikuwa hali mboga kabisa. Ukimpa wali na mchicha anakula wali, mchicha anaubandika ukutani, ukimwekea karoti kwenye uji anameza uji na karoti anaitema akikutazama machoni, mpaka nikampeleka kliniki na nesi akampima akaniambia mama, huyu anashiba wali lakini mwili haujengeki, mpe mboga na mayai. Nikaenda nyumbani nikapika chapati za maji za unga wa ngano, nikachanganya na mboga nikidhani nimemweza, kumbe mwenzangu akakaa chini akazichambua kipande kwa kipande kama watu wanavyochambua mchele, akala unga wote na mboga zote akaniachia kwenye sahani. Siku hiyo nilikasirika sana nikasema kama tatizo ni unga basi nauondoa. Nikakwangua karoti na boga, nikakatakata mchicha mdogo mdogo, kitunguu kidogo, chumvi ya kuonja, nikavunja mayai nikapiga vyote pamoja na kukaanga vijichapati vidogo, hapo akabaki hana cha kuchambua maana kila kitu ni mboga na yai. Mama Balbina, mtoto anakula! Anaita "tapati, tapati" toka niwashe jiko, na kliniki mara ya mwisho uzito umepanda mpaka nesi akaniuliza nimefanyaje. Tatizo lake ni moja tu, zinavunjikavunjika nikizigeuza, lakini Limbu hajali, na hata baba yake akirudi mashineni anazila akiwa amesimama pale pale jikoni, nikimwambia hizo za mtoto anasema anaonja tu.

Basi mama mkwe akaja kutoka Mngeta kuja kung'olewa jino hospitali, akakaa kwetu siku chache apone, nami nikimpikia wali laini. Asubuhi akanikuta napika, akavuta kigoda akakaa karibu na jiko anatazama, nikakwangua, nikavunja mayai, nikaanza kukaanga, yeye anatazama tu mikono yangu, mwisho akaniuliza, "Unga unaweka saa ngapi?" Nikamwambia siweki mama. Akainuka akaenda kufunua ndoo yangu ya jikoni, akakuta mchele. Akafunua na sufuria, akakuta mchele. Unga wa ugali ninao, Mama Balbina, naapa ninao, Makoye huleta dona kutoka mashineni wala haukatiki, ila jikoni kuna panya, kwa hiyo nimeuhamishia chumbani kwetu nyuma ya mlango, na mama mkwe haingii chumba cha mwanawe, wala mimi siwezi kumwambia mama njoo chumbani tunakolala uone unga, hiyo aibu naipeleka wapi?

Akarudi akakaa akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, niambie ukweli. Unga umeisha tangu lini?" Na mimi nikainamisha macho nikanyamaza. Mama yangu alinifunza hivyo kabla sijaolewa, kwamba mama mkwe akisema huna haja ya kubishana naye, inamisha macho, aseme, amalize. Na Makoye mwenyewe aliniambia mama yake hapingwi. Basi nikanyamaza, na yeye akaniwekea mkono kichwani akasema, "Pole, ng'wanone, mwanangu, pole sana," na mimi nikajibu "Asante mama," na hiyo asante ndiyo inayoninyima usingizi.

Hakuishia hapo, akajifunga kitenge akaenda dukani kwa jirani yetu Mwanamkasi, kuuliza kama mkwewe huwa ananunua unga. Mwanamkasi ni mtu wa kusema kweli, akamwambia, "Huyu huchukua mayai na karoti, bibi, unga sijamuuzia hata robo." Jioni mama mkwe akamwekea Makoye sahani mbele yake akamwuliza, "Makoye, unakijua hiki anachokula mwanao?" Mama Balbina, Makoye alizitazama zile chapati akasema, "Mayu, ndiyo kwanza naziona leo," na wakati anasema hivyo alikuwa na uzi wa karoti kwenye sharubu.

Mama mkwe mwenyewe kila asubuhi alikula za kwake, akisema anakula ili mtoto asijione yuko peke yake kwenye shida. Siku ya kuondoka akafunga nyingine kwenye kanga, akasema hizo ni ushahidi, anakwenda kuwaonyesha ndugu wa Mngeta hali ilivyo mjini.

Wiki iliyofuata akaja kutoka Mngeta shemeji yangu Omega, mdogo wake Makoye, yuko juu ya bodaboda na gunia la unga mchana kweupe, anapiga honi toka barabarani na kusema kwa sauti, "Shemeji, msaada wenu huu hapa!" Mtaa mzima ukatoka. Nikamkaribisha maji, nikamwuliza kwa unyonge, ndugu walisemaje walipoonyeshwa zile chapati, akaniambia, "Chapati gani?" Nikaona hata yeye ananificha aibu yangu, sikuuliza tena.

Toka hapo watu wa mashineni wanamtania Makoye, eti anakoboa mpunga wa Ifakara nzima na kwake wanalala njaa. Haongei na mimi. Asubuhi anakaa mlangoni anakula ugali wa jana ili wapita njia waone. Juzi mama mkwe akapiga simu akasema, "Jumamosi nakuja kumchukua Limbu. Huyo mtoto ni mimi. Siwezi kufa njaa Ifakara wakati nina ng'ombe Mngeta." Makoye anasema ni mama, atamwambiaje? Rafiki yangu mmoja anasema nimfiche mtoto kwa mama yangu, mwingine anasema nirudishe unga kwenye chapati yaishe, lakini nikirudisha unga mtoto atarudi kuchambua, na nisiporudisha mtoto anakwenda, na Limbu hajawahi kulala hata usiku mmoja mbali na mimi. Nifanyeje?

Mkwe wa Lumemo

MAMA BALBINA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Futa machozi, pika chai, kaa chini, maana nitakupa pole kidogo na maneno mengi.

Pole yenyewe ni hii: umefanya kazi nzuri. Mtoto aliyekuwa anabandika mchicha ukutani leo anaulilia. Akina mama wengi wameshindwa hapo, wamebaki kumkimbiza mtoto na kijiko uwanja mzima. Hongera, na chapati hizo usiziache.

Sasa tuje kwenye makosa, na tuanze na lako. Mama yako alikufunza usibishane na mama mkwe, na alikufunza vizuri. Lakini huyu mama hakubishana na wewe. Alikuuliza swali! Mtu mzima akikuuliza unga umeisha lini, heshima ni kumjibu, "Haujaisha, mama, uko chumbani, panya wamenisumbua." Wewe ukainama, halafu ukashukuru. Ningekuwa mimi mkweo ningekuja na magunia mawili.

Na huo unga, mwanangu! Nyumba nzima umeona pa kuuweka ni mahali pekee ambapo mama mkwe hawezi kutia mguu? Nunua ndoo yenye mfuniko wa kubana leo hii. Unga urudi jikoni, ukae mahali ambapo mgeni akiingia anauona kabla hajaona kitu kingine.

Wewe Makoye, najua utasomewa hii kama husomi mwenyewe. Huoni haya? Unakula chapati za mtoto jikoni umesimama, halafu unazikana sebuleni umekaa. Ungesema neno moja tu siku ile, "Mayu, mimi huzila," pasingekuwa na gunia, wala bodaboda, wala watu wa kukutania. Huo ugali wa jana wa mlangoni acha, hakuna anayedanganyika. Mkeo hakukuaibisha, umejiaibisha mwenyewe kwa uoga, na sasa uoga huo huo unataka kukuondolea mtoto.

Turudi kwako. Barua yako umeiandika vizuri lakini hujaisoma. Mama mkwe ametoka kung'olewa jino. Kila asubuhi anakula chapati zako laini na kusema anashiriki shida ya mtoto. Anaondoka na nyingine kwenye kanga kama ushahidi. Halafu Omega anauliza chapati gani? Omega hakukuficha chochote, mwanangu. Ushahidi haukufika Mngeta. Uliliwa njiani, na shahidi mwenyewe.

Kwa hiyo usiogope kwamba anazichukia. Lakini pia usimcheke, maana kumtaka mtoto anamtaka kweli. Wewe unaona bibi mkorofi. Mimi naona mwanamke mzima aliyefunua ndoo ya mkwewe akakosa unga, akashindwa kulala mpaka gunia limefika. Watu wa umri wake wengi wameshawahi kuishi mwaka ambao ndoo ilikuwa tupu kweli, na watoto wanalia kweli. Anaposema mtoto huyo ni yeye, anasema kitu anachokikumbuka mwilini. Ile ni hofu, na hofu haiondoki kwa kumficha mtoto kwa bibi mwingine. Ukimficha, ndipo atakapojua kuna jambo.

Fanya hivi. Jumamosi Makoye aende mwenyewe stendi kumpokea mama yake, na kabla hawajapanda bajaji amwambie kwa mdomo wake kwamba alidanganya na kwamba chapati anazila. Mama akifika, akute umeshasonga ugali wa unga wake mwenyewe, alioutuma kwa Omega, na mboga anayoipenda isiyohitaji kutafuna sana. Ale, aone zawadi yake haikudharauliwa. Na hapo ana haki yake kidogo: mtoto anahitaji na ugali, na wali, na maziwa ya hao ng'ombe wa Mngeta. Chapati zako ni mboga na yai, hazitoshi kuwa chakula chote. Mwombe alete maziwa badala ya kuondoka na mtoto, uone atakavyofurahi kuwa na kazi.

Halafu mpe kikwangulio cha karoti mkononi, apike yeye. Na umweleze kwa nini zilikuwa zinavunjika, maana na hilo nalo linamshawishi kwamba kuna kitu kimepungua. Boga lina maji. Ukishalikwangua, litie kwenye kitambaa safi ulikamue kabisa, na mchicha uoshe, ukatekate, ukamue vile vile. Chemsha kiazi kimoja kiponde, ukichanganye na mayai, kitazishika. Mafuta kidogo, moto wa mkaa uwe mdogo, chota kijiko kimoja kimoja tu, funika, usiguse mpaka uone kingo zimekauka, ndipo ugeuze. Chumvi punguza hata hiyo ya kuonja, mtoto wa miaka miwili haihitaji. Zipoe kabla hujampa. Limbu mdogo na Limbu mkubwa wakae mkeka mmoja, wale sahani moja.

Wakiwa wanakula, sema. Hukusema siku ile, leo utasema, mbele ya mumeo, umepiga magoti kama ulivyofunzwa lakini macho yako juu: "Mama, unga ninao. Mtoto ninaye. Karibu chapati." Usiongeze hata neno. Mama mkwe anayelala macho kwa ajili ya mjukuu atakuelewa. Na akikasirika, atakasirika huku anatafuna.

Siku akienda stendi kurudi Mngeta, mfungie chapati za kutosha kwenye kanga yake, nyingi kuliko za mwanzo, umwambie ni zake za njiani. Asilazimike tena kuziita ushahidi.