Angalia Kinywa, Yaya Monika

Yaya Monika wangu wa Dilala,

Uliomba barua. Mama mumoja wa parokia yako alinipigia simu huku Kasai, Mbuji-Mayi: bamama banataka kukuchagua kuwa mukubwa wao, lakini kuko maneno ya zamani. Basi mi niandike kwamba siku sisi batu ba Kasai tulifukuzwa huko kwenu, we ulitutetea. Eh, yaya! Una macho makavu kweli.

Nakumbuka mutoni, ku njia ya Musonoi. Mi nilikuwa mutoto, we binti mukubwa, jirani wa mulango kwa mulango; nilikuita yaya, kama dada yangu mukubwa. Ulinifundisha kuzamisha kitunga. Kila mara nilichanganya zile samaki mbili, rangi moja, mukia moja. Ukacheka:

"We kipofu! Hizi ni ndugu, lakini kila moja na mahali yake. Hii inakwangula majiwe, kwenye maji inakimbia. Ile inakula mu majani, kwenye maji inatulia. Hazigombani. Angalia kinywa, utazijua."

Na kweli, ya majiwe ilikuwa na kinywa kigumu, kimeinama chini. Nilikupenda sana siku ile, sitakuficha.

Halafu inchi ikaharibika. Bavijana bakakuja ku avenue yetu, banatafuta batu ba Kasai. Bakashindwa kutujua. Bote tulisema Swahili, tulivaa pagne moja. We ukatoka inje, mikono ingali na unga, ukabaambia: "Muangalie kinywa. Yule mama pale, mumusemeshe."

Mama yangu akabaambia, "Karibuni, batoto." Chiluba chake chote, luga yetu ya Kasai, kikatoka mu ile sauti. Ni kukaribisha tu alikuwa anabakaribisha.

Bakatufukuza. Tulingoja treni ya kurudi Kasai ku gare juma mbili, ku simenti. Kuhara kukamuua mama pale. Nilimufunga na pagne yake mi peke yangu. Treni ikafika kesho yake.

Bananiambia ule muto sasa ni maji ya mugodi, samaki zote mbili zimekwisha. Nilizililia. We sitakulilia. Nakuchukia, yaya, na chuki yangu haijachoka hata kidogo.

Basi barua yako ndiyo hii. Sikuituma kwako. Nimeituma kwa yule mama wa simu, aisome kwa sauti, bamama bote bakiwa bameketi, na we katikati yao na pagne yako ya parokia.

Kwaheri, yaya. Nimemaliza, sasa zamu yako.

Bamama, muangalie kinywa. Mumusemeshe.

Ni mi, mudogo wako wa mutoni